Isale na Timu ya Gereji

Vijana walikuja na mapanga kusafisha mahali pa kufunga turubai la msiba, na kitu cha kwanza walichokifikia ni masale ya marehemu Salimu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, viatu nimevua, sijamaliza hata kuwapa pole wafiwa, nikajikuta nimesimama napiga kelele kama mwendawazimu: "Wewe! Wewe mwenye fulana nyekundu! Weka panga chini!" Watu wote wakageuka. Kijana wa watu akashtuka, akasema, "Shikamoo bibi. Tunasafisha tu, haya ni majani." Nikamjibu marahaba, tena nikamwambia kama haya ni majani tu basi na yeye ni fulana tu. Mwanaidi, binti mkubwa wa marehemu, macho yamemvimba kwa kulia, akaja akanishika mkono. "Kaa, mama Damari, usijisumbue. Hatakata. Baba mwenyewe alikuwa mkali sana juu ya haya majani, ukiyagusa tu mnagombana. Ila hakuwahi kutuambia kwa nini. Sisi tulidhani ni dawa." Hapo nikakaa. Miaka yote ile, Salimu hakuwaambia wanawe! Isale ni mmea wa kwetu mlimani. Sisi Wameru, kama majirani zetu Wachaga, tunaupanda mipakani, na mtu akitaka kuomba jambo zito, msamaha au hisani ambayo haikataliki, hupeleka isale. Sasa isale linafanya nini uani kwa Mswahili wa Kaloleni ambaye baba yake alitoka Pangani? Nilitaka kumwambia Mwanaidi pale pale, lakini kaka yangu Anaeli alikuwa bado yuko njiani anateremka kutoka Nkoaranga, na habari ile ni yake kwanza kabla ya kuwa yangu.

Mwaka isale lile lilipofika Kaloleni, Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na kwetu ulianza na harufu ya majivu. Serikali ilikuwa imewahamisha Wameru wa Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa, na yetu ikiwamo. Hayo wameyaeleza watu wenye elimu kuliko mimi, siwezi kuyaongeza. Ninachokumbuka ni jinsi tulivyotawanyika. Mama alipokelewa na jamaa kule Nkoaranga, karibu na hospitali ya misheni, akalala kwenye kibanda cha kuhifadhia ndizi. Mimi, msichana wa miaka kumi na saba hivi, nililetwa mjini kwa dada yangu Naomi. Anaeli alipata kazi gereji. Nasema kazi, lakini kazi yenyewe ilikuwa mpira. Mwenye gereji, mlowezi mmoja wa malori ya kahawa, aliipenda timu yake kuliko hayo malori. Ukijua kucheza ulipewa kuosha magari au kusukuma mapipa ya mafuta, posho ya kila wiki, na kitanda kwenye laini, vile vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa nyuma ya gereji, kando ya mto Themi. Ukiachwa na timu, umeachwa na vyote. Kitanda chako jioni ile ile kinalaliwa na mwingine. Ndiyo maana nacheka wajukuu zangu wanapogombana juu ya nani kaachwa na timu gani huko Dar es Salaam, wananuna mpaka chakula hawali. Hawajui kuachwa ni nini hao.

Kikao cha timu kilikuwa kinafanyika kwetu, kwa sababu shemeji Eliakimu, mume wa dada Naomi, ndiye alikuwa karani wa gereji na katibu wa timu. Tulikuwa na vyumba viwili pale Kaloleni. Cha mbele kilikuwa na viti viwili vya mbao na kiti kirefu kilichong'olewa kwenye lori bovu, chenye springi iliyotoboa ngozi, na kila mgeni aliyekaa vibaya aliruka. Katikati ya chumba cha mbele na cha nyuma palikuwa na pazia la kanga kuukuu, na nyuma ya pazia mlango wa uani, na uani jiko letu la mafiga. Mimi nikipika nilisikia kila kitu. Kikao kilikuwa na watu watatu. Shemeji mwenyewe, mtu wa kukohoa kohoa na kufuta miwani hata kama ni safi. Fundi Athumani, makanika mkuu, mwenye sauti ya kushinda injini. Na Salimu, kapteni wa timu, beki mrefu, mcheshi, ambaye akiingia uani alinisalimia kwa kunitania: "Binti Mmeru, leo tunakula mtori au tunakunywa?" maana supu yetu ile ya ndizi mara huwa nzito, mara nyepesi. Kwa kuwa yeye na fundi ni Waislamu na sisi ni Walutheri, siku ya kikao kuku alichinjwa na Salimu mwenyewe, hapo hapo uani, mikono ya shati amekunja, halafu mimi naendelea. Mpaka leo nikisikia kuku akipiga kelele kabla ya kuchinjwa naacha ninachokifanya nasikiliza, kwa sababu siku ya kuku ndiyo ilikuwa siku ya kuamua nani abaki na nani aende.

Ilianza na habari ya kombe. Mwenye gereji alitaka timu yake ishiriki kombe la Moshi, na huko walikuwa wametoa amri kwamba kila mchezaji lazima avae njumu. Hakuna pekupeku. Basi akamwita shemeji, akamwambia timu ni kubwa mno, hawezi kulisha watu wa kukaa benchi. Wapunguzwe watano, wale wasioweza njumu ndio wa kwanza, na apewe jibu Jumamosi kabla ya jua kuzama, maana jioni ile anaondoka kwenda shambani kwake. Sasa Anaeli wangu, jamani. Anaeli pekupeku alikuwa hakamatiki. Alikulia kwenye njia za mlimani, zile za mteremko mkali, anakimbia na ndama, anakimbia na debe la maji, vidole vinashika ardhi kama vya mikono. Wingi ya kushoto, akipewa mpira watu wa Kaloleni wanasimama juu ya mapipa. Lakini umvalishe njumu! Alitembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Alijikanyaga, aliteleza, mpira ukimfikia aliutazama chini kwanza kama anamwuliza mtu njia. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka hata kidogo, nilikuwa nataka kulia.

Wiki ile nzima hatukulala vizuri. Kila jioni baada ya kazi Anaeli aliteremka mtoni na njumu za kuazima, akakimbia kwenye mchanga, akarudi kwetu anachechemea. Nilimpaka mafuta ya ng'ombe kwenye malengelenge huku nikimpulizia kama mtoto mdogo. "Dada," aliniambia, ingawa mimi ndiye mdogo kwake, ndivyo alivyoniita alipokuwa na shida, "wakiniacha naenda wapi? Nirudi Ngarenanyuki kulala juu ya majivu?" Nikamwambia hawatakuacha, shemeji yupo. Akatikisa kichwa. "Shemeji ndiye atakayeniacha wa kwanza, ili watu wasiseme." Na kweli, ndivyo ilivyokuwa. Nilimsikia fundi Athumani katikati ya wiki, chakula hata hakijaiva, akisema kwa sauti yake ile ya gereji: "Karani, mimi sina ugomvi na mtu, lakini yule kijana wenu akibaki, kesho na keshokutwa kila mtu ataleta shemeji yake hapa. Tutakuwa timu au harusi?" Shemeji akakohoa. Salimu akasema, "Fundi, ngoja kwanza, kula." Nikasikia springi ya kiti inalia, maana yake mtu amekaa vibaya.

Dada Naomi naye alikuwa upande wa Anaeli. Usiku chumba cha nyuma tulilala wote, wao kitandani na mimi chini na watoto, na alidhani nimesinzia. "Baba Eliya," alimwambia mumewe, "huyo ni damu yangu. Ukimtoa, mama atajua. Na mama akijua atakuja na isale. Akikuletea isale utafanya nini?" Nikamsikia shemeji anasema, "Omba Mungu asilete." Naelewa sasa hofu yake, ingawa siku ile nilimwona mwoga tu. Kwetu enzi zile mkwe, hasa mtu wa heshima kama shemeji, hakukaa chumba kimoja na mama mkwe wake, hakumtazama usoni, hakula naye. Neno la mama mkwe lilifika kwa kupitia mtu. Na mama mkwe akishatuma isale, umekwisha, huna njia ya kukataa na ukabaki mtu mbele ya watu wa kwenu. Kwa hiyo maskini shemeji alikuwa amebanwa: kwa fundi akimbakiza Anaeli ni mpendeleaji, kwa mkewe akimtoa ni katili, na mlimani kuna mwanamke mmoja mwenye majani ambaye anaweza kuteremka siku yoyote. Kila mbwa alipobweka nje, shemeji alitazama mlango.

Jumamosi ikafika. Dada Naomi alikwenda mazoezi ya kwaya akiniachia jiko, na nadhani alikwenda makusudi asiwepo. Kuku alikuwa ameshachinjwa, ndizi zinachemka, vumbi jeupe la malori yatokayo Terrat limetanda mtaani hata jua linaonekana kama linaumwa. Ndani, wale watatu walikuwa wamekwisha kubaliana juu ya wanne wa kuachwa, maana majina yao hayakuwa na ubishi. Wa tano ndiye shida. Niligeuka kuchukua kuni, nikamwona mama amesimama mlangoni mwa ua. Alikuwa amepanda lori la ndizi kutoka soko la Tengeru, shuka yake nyeusi imejaa vumbi, na mkononi amelishika wima, si kichwani wala kwapani: isale, shina fupi na majani yake ya juu, limefungwa fundo. Nikamwamkia kwa Kimeru, nikamletea kigoda. Hakutaka maji. "Mkwe wangu yupo?" akaniuliza. Nikamwambia yupo, ana kikao na wageni. Akasema, "Vizuri, mbele ya mashahidi ni vizuri zaidi. Mpelekee hili."

Sasa watu huniuliza, hata wanangu mwenyewe wamewahi kuniuliza, kwa nini sikumwuliza mama neno la isale lile. Nami nawajibu: ningemwuliza kama nani? Msichana hahoji jambo la wakubwa. Desturi yenyewe ilikuwa wazi: isale linapelekwa kimya, na anayelipokea ndiye anayetuma mtu arudi kuuliza, "Lina neno gani?" Hapo mwenye kuleta ndipo anasema. Hiyo ndiyo heshima yake. Mimi nilikuwa mikono tu. Tena nilijua neno lake, au nilidhani ninajua, kama alivyodhani kila mtu katika nyumba ile. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikapita pazia, nikapiga goti mbele ya shemeji, nikasema, "Limetoka kwa mama. Yuko uani." Nasikia aibu hata sasa nikikumbuka uso wa shemeji. Rangi ilimtoka. Alivua miwani, akaivaa, akalitazama isale kana kwamba nimemletea nyoka. Alitakiwa aniambie, "Nenda kamwulize." Maneno mawili! Hakuniambia. Wiki nzima alikuwa akilisubiri isale lile, wiki nzima alishalijibu kichwani mwake, na sasa limefika mbele ya fundi Athumani anayemkodolea macho. Akalichukua, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mama nimelipokea. Neno lake limekubaliwa."

Nikarudi uani nikamtafsiria mama kwa Kimeru. Uso wake ulifunguka. Akashukuru Mungu, akaniomba sasa yale maji. Mama Kiswahili hakujua, zaidi ya habari za sokoni, kwa hiyo alikaa pale akinywa maji huku maisha ya watu yakiamuliwa nyuma ya kanga, haambulii kitu. Kila lilipotajwa jina la Anaeli alitabasamu. Mimi nilisikia yote. "Jani?" fundi Athumani alifoka. "Leo tunapunguza wachezaji kwa majani?" Shemeji akawaeleza, kwa kigugumizi, isale ni nini. Akasema yuko tayari kuacha ukatibu, waseme watakavyo, lakini Anaeli hawezi kumtoa tena. Fundi akasema, "Sawa, mimi nani niseme na majani. Lakini bwana anataka watano, si wanne. Nani anatoka? Nitajie. Kipa wa akiba, mkewe kajifungua juzi? Yule wa kati? Mtaje wewe, karani, mimi simtaji." Ndizi zinachemka, mfuniko unagonga gonga, na mimi sithubutu hata kuuondoa.

Salimu ndiye aliyesema kwanza. Aliuliza, "Huyo mama katoka wapi leo?" Shemeji akamwambia Nkoaranga. "Na kule kwao kwa zamani?" "Kulichomwa." Akauliza tena, "Mimi nikiondoka gereji, nalala wapi?" Fundi akasema, "Swali gani hilo? Si kwa baba yako, hapo mtaa wa pili." Salimu akasema, "Haya basi. Wa tano ni mimi." Loo! Fundi alisimama mpaka kiti kikagonga ukuta. Akamwambia ana wazimu, yeye ni kapteni, timu bila yeye ni watoto wa shule. Salimu akacheka kile kicheko chake. "Goti langu linaniuma siku nyingi, sikuwaambia tu. Njumu zenyewe zinalizidisha. Mama wa watu hawezi kutoka huko mlimani na kitu mkononi arudi nacho. Kwetu pia mama ni mama." Akaamka. Shemeji akamshika mkono, akamwambia hebu tufikiri, akamjibu kwamba jua linazama na bwana anaondoka, na habari ya kuacha kazi mtu huipeleka mwenyewe. Akapita uani, akainama mbele ya mama, "Shikamoo mama." Mama hakujua ni nani. Akamwitikia vizuri tu, akanigeukia akasema kwa Kimeru, "Kijana mwenye adabu. Ni nani huyu?" Nikaenda kufunua sufuria.

Mama hakulala kwetu, haikuwezekana chini ya paa la mkwe wake, akalala kwa jamaa zetu upande wa Themi. Jumapili baada ya ibada alikuja kunichukua twende laini kumwona Anaeli. Tulimkuta amekaa nje anazitia njumu mafuta, uso unang'aa kwa furaha, maana shemeji alikuwa ameshamwambia amebaki. Mama akamsalimia, akaingia chumbani, akaanza kukunja blanketi lake. "Mama, unafanya nini?" "Nafunga vitu vyako. Mkwe wangu amekubali." Tukatazamana, mimi na Anaeli. Hapo ndipo mama akatueleza, huku anafunga fundo. Baba mdogo wa Nkoaranga alikuwa amempa kihamba, kipande cha shamba cha kupanda ndizi na kahawa, kwa sharti kwamba mwanamume wa nyumba yake aje akilime na kukipanda kabla ya masika. Akikosa, kinakwenda kwa mwingine. Naye alikuwa amesikia kwamba mzungu hamwachii mchezaji wake kwa urahisi, na kwamba mkwe wake ndiye mwenye sauti. Kwa hiyo alileta isale kumwomba amwachie mwanawe aende. Amwachie! Alikuja kuomba kile kile ambacho sisi tulikuwa tunakiogopa mpaka malengelenge yakatoka.

Anaeli aliangua kilio, mtu mzima, mbele ya laini nzima. "Mama, kwa nini hukusema?" Mama akasimama na blanketi mkononi. Hakuwa amekasirika bado, alishangaa tu. "Nilituma isale. Isale linaulizwa. Hawakuja kuniuliza." Halafu nikamwambia habari ya Salimu. Yule kijana mwenye adabu, mama, ndiye aliyetoka badala ya Anaeli. Mama akakaa juu ya kitanda, akajifunika uso kwa shuka, na alikaa hivyo mpaka nikaogopa.

Shemeji alikimbia kwa bwana Jumatatu asubuhi, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Alimweleza yote, akamwomba amrudishe Salimu, maana nafasi ya Anaeli sasa iko wazi. Bwana akacheka. Akasema aliyetoka ametoka, na tayari alikuwa amempata beki kutoka Kenya, kijana, mwenye njumu zake mwenyewe. Ikawa timu imewapoteza wote wawili kwa mpigo, na Moshi walifungwa mechi ya kwanza tu, nami namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Anaeli alipanda mlima na mama, akapanda ndizi, kihamba kikawa chetu, na ndicho kilichonisomeshea wanangu. Salimu alikaa bila kazi muda mrefu. Alikuwa na mchumba, na posa ikabidi isogezwe. Mwisho alipata kushona kwenye baraza la Mhindi mmoja, akawa fundi cherehani, na hakucheza tena zaidi ya kuwafundisha watoto wa mtaa.

Lakini kabla mama hajapanda mlima, alifanya jambo moja. Alinituma kwa shemeji nikalichukue isale, ambalo maskini alikuwa ameliweka ndani ya bilauri ya maji juu ya kabati kama ua. "Aliyelijibu ndiye mwenye nalo," mama alisema. Tukaenda wote nyumbani kwa baba yake Salimu. Mama alimkabidhi kwa mikono miwili, na safari hii mimi sikungoja kutumwa. Nilimwuliza mama kwa Kimeru, lina neno gani, nikamfasiria Salimu kila neno: kwamba linaomba msamaha, kwamba nyumba yetu ni nyumba yake, kwamba ndizi za kihamba kile hazitakosa mlangoni pake. Salimu alinisikiliza, akasema, "Mwambie mama asijisumbue. Goti lilikuwa linaniuma kweli." Nikamfasiria mama. Mama akamtazama yule mtu aliyekuwa ameruka ukuta wa ua kutupokea, akaniambia, "Mwongo huyu. Mungu ambariki." Hilo sikulifasiri. Salimu akauliza aliweke wapi, mama akamwambia popote penye udongo, litashika tu. Likashika. Na ndizi hazikukosa, mama alipofariki akaendelea Anaeli. Mimi tangu mwaka ule nikawa mtu wa kuuliza. Daktari nitamwuliza, mchungaji nitamwuliza, posa ikija nitauliza mpaka wageni wachoke. Wajukuu wananiita Bibi Maswali, na waniite.

Anaeli alifika msibani mchana, amebeba mkungu wa ndizi begani kama kawaida yake, kwa umri ule, hataki kusaidiwa. Aliposikia habari ya panga alikwenda kuyasimamia masale mwenyewe, akayatazama sana. Wanaume walipoanza kutoka na jeneza kwenda makaburini, nilimwona anavunja ncha moja, anaifunga fundo, anaificha ndani ya koti. Nikaogopa. Nikawaza, mzee huyu atakwenda kutuaibisha kwenye maziko ya Waislamu, watasema Wameru wameleta uganga. Nilikaa mkekani na wasiwasi ule ule wa mwaka ule, nasikiliza geti, chai inapoa mkononi. Waliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, vumbi mpaka magotini. Koti lilikuwa wazi na halina kitu.

"Umeliweka?" nikamwuliza.

"Nimeliweka kichwani pake."

"Na sheikh?"

"Sheikh alinizuia mkono," Anaeli akasema. "Akaniuliza, mzee, jani hili lina neno gani?"

Nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka. "Ukamjibu?"

"Nikamwambia yote, dada. Njumu, mama, pazia, goti. Watu wamesimama na majembe yao wananisikiliza. Alipoona nimemaliza akanisaidia kulisimika."

Mwanaidi alikuwa nyuma yetu na birika la chai, amesimama tuli. "Goti gani?" akauliza. "Baba hakuwa na ugonjwa wa goti."

"Hakuwa nao," nikamwambia, nikasogea mkekani, nikampisha nafasi akae.